Hivi Benz, Audi na Porsche zilishawahi kushinda Safari Rally au ni stori za kijiweni?

kijana_wa_lami:
Wakuu habari za jioni. Kuna ubishi hapa kijiweni umeanza mchana na mpaka sasa haujaisha. Jamaa mmoja anasema magari ya Kijerumani ni ya lami tu, ya kupelekea maharusi na waheshimiwa, kwenye Safari Rally hayana lolote, ni Toyota, Subaru na Mitsubishi basi. Mwingine ana Audi yake kuukuu anaapa kwamba Audi ilishabeba kombe Kenya. Mimi rally nimeanza kuifuatilia 2021 iliporudi kwenye ubingwa wa dunia na tangu hapo naona Toyota tu. Wenye kumbukumbu njooni hapa mtumalizie hii kesi.

MzeeSpana:
Huyo wa Audi lipa soda yake, yuko sahihi. Tena mngerudi nyuma zaidi mngeshangaa. Mashindano yalianza 1953 kwa ajili ya kutawazwa Malkia Elizabeth, yanazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na mshindi wa mwaka huo wa kwanza alikuwa na VW kobe. 1956 wakachukua DKW, hiyo ni ukoo mmoja na Audi ya leo. Halafu Benz ndo wakafanya fujo, 1959 na 1960 Bill Fritschy na Mercedes 219, 1961 John Manussis na 220SE, mitatu mfululizo!! Na hayo hayakuwa magari ya kutengenezwa kwa ajili ya mashindano eti, ni gari za saluni za watu wazima kabisa ambazo daktari au meneja wa shamba angeweza kuwa nayo nyumbani.

BMW sasa, hapo mtoe. Kombe la Safari hana.

quattro_damu:
Ngoja niingie maana hii ndo mada yangu. Watu wakisikia Audi na rally wanawaza ile Quattro fupi (Audi ya fowili, yaani injini inazungusha magurudumu yote manne) yenye spoila kubwa inayotema moto, sasa Quattro zote za mashindano, ndefu na hiyo fupi, Safari iliwashinda kila zilipokuja. 1983 madereva wa Audi, Hannu Mikkola wa pili, Michèle Mouton wa tatu, mshindi Ari Vatanen na Opel Ascona 400 inayosukuma nyuma tu (na Opel nayo Mjerumani kwahiyo huyo mbishi wenu kapigwa tena hapo). Baada ya hapo 84, 85 na 86 ikawa Toyota Celica, nayo ya kusukuma nyuma, fowili iko pembeni inakula vumbi. Halafu 1986 ukawa mwaka wa misiba, watazamaji walikufa Ureno, dereva Toivonen na navigeta wake (msoma njia) wakafia Corsica, Group B (daraja la yale magari yenye nguvu kupita kiasi) ikafutwa, kuanzia 1987 ikabidi kila mtu aje na Group A yaani gari inayofanana na ile ya shorumu. Audi wakachukua nini? Audi 200! Lile lisaluni refu la bosi la milango minne, viti vipana, buti la kuingiza magunia. Wakalifunga taa mbele na vyuma vya kuzuia wanyama, wakaja nalo Kenya, Hannu Mikkola wa kwanza, Walter Röhrl wa pili. Na hapo ndo fowili ikashinda Safari kwa mara ya kwanza. Yaani gari ya mashindano hasa imehangaika miaka yote hiyo halafu gari ya mkurugenzi ikaja ikamaliza kazi, mimi hiyo picha ya Audi 200 imejaa matope mpaka madirishani siichoki.

sarakiti_tu:
Nyie mnachanganya mambo. Kushinda porini ni sawa lakini urithi wa hizi gari uko kwenye sarakiti (njia za lami za mashindano), Nürburgring, Le Mans na DTM, yale mashindano ya magari ya Ujerumani. Hiyo hiyo Group A mnayoisema ndo imeleta BMW M3 E30 mwaka 1986, sheria ilitaka kiwanda kitoe gari 5,000 ndani ya miezi 12 ndo uruhusiwe kushindana, kwahiyo BMW wakatengeneza gari ya mashindano wakaitia namba za barabarani. Angalieni E30 ya kawaida (hiyo BMW 3 Series ya miaka ile) ikipaki na M3, fenda zimevimba, kioo cha nyuma kimelazwa zaidi, buti limenyanyuliwa ili upepo uteleze vizuri ukutane na spoila. 1987 ikachukua DTM. Siku hizi mtu anabandika beji ya M kwenye BMW 318i ya kawaida anataka tumpishe njia.

MzeeSpana:
@sarakiti_tu sawa bwana, lakini lami haivunji gari kama vumbi na mashimo ya huku. Mercedes wenyewe 1979 walileta 450 SLC 5.0, kupee (milango miwili) ya matajiri, V8 lita 5, Mikkola akawa wa pili nyuma ya Shekhar Mehta na Datsun. Mwaka huo huo wakaenda kwenye rally ya Bandama kule Ivory Coast wakachukua nafasi ya kwanza mpaka ya nne, na gia OTOMATIKI. Niambie hapo.

kijana_wa_lami:
Dah, otomatiki?? Mbishi wetu kanywea. Na Porsche je, mbona hamumtaji, ndo nilimtegemea kuliko wote.

quattro_damu:
Porsche ndo kilio chetu. 911 imekuwa ya pili 1972 na Zasada, ya pili 1974 na Waldegård, ya pili tena 1978 na Vic Preston Jr, mtoto wa hapo hapo Kenya. Ile ya 1978 walikuja wamejipanga, 911 SC rangi za mdhamini Martini, wameinyanyua mpaka sentimita 28 kutoka chini, bado akashinda Peugeot 504. Lakini Waldegård hakukubali, alirudi na 911 kwenye East African Safari Classic 2011, hayo ya magari ya zamani, navigeta wake mwanawe wa kumzaa, akashinda. 2015 Stig Blomqvist naye akashinda na 911.

sarakiti_tu:
Hiyo Classic haiingii kwenye hesabu.

quattro_damu:
Kwako haiingii. Porsche walipotoa 911 Dakar 2022 waliiwekea michoro ya kuchagua ya magari yao ya Safari ya 1971, 1974 na 1978. Waliuza mpaka kushindwa kwao, na watu wakalipa.