Kuhama tarehe 28 Desemba tukiwa na watoto wadogo: tupaki nini kabla ya Krismasi na tuache nini?

MamaWawili

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa wanaoijua kazi ya kuhama. Funguo za nyumba mpya tunapewa tarehe 27 Desemba, lori limepangwa tarehe 28 asubuhi, na tarehe 31 nyumba ya sasa iwe tupu. Watoto ni wawili: mkubwa miaka minne, mdogo miezi minane na anatambaa. Tunataka wale Krismasi yao hapa hapa, mti uwepo na zawadi ziwepo, lakini tukisubiri tarehe 26 ndipo tuanze kupaki hatutamaliza. Leo ni tarehe 1. Tuanze na nini? Mti tuuweke kweli? Friji na mashine ya kufulia vinaandaliwaje? Na zawadi tuzifiche wapi zisije zikapotelea kwenye maboksi?

MpangaMizigo

Dada, muda unatosha kabisa, mradi usihesabu kuanzia leo kwenda mbele. Anza na tarehe 28 urudi nyuma. Kila kitu ndani ya nyumba kiulize swali moja: kitaguswa kabla ya tarehe 28? Kama hakitaguswa, kipakiwe wiki hii. Vitabu, albamu za picha, nguo za msimu mwingine, vyombo vya wageni, vifaa vya ufundi, makabrasha. Hapo peke yake umeshamaliza karibu nusu ya nyumba bila mtoto kuona tofauti.

Kabla ya hapo, gawa na utupe. Kinachokwenda kutupwa kule kinabebwa mara mbili bure. Nguo za mdogo zilizombana na vitu vya kuchezea vilivyokosa vipande vitoke kabla ya zawadi mpya hazijaingia.

Kisha chagua chumba kimoja kisichoguswa hadi tarehe 26. Kwenu ni sebule. Maboksi yote yaliyofungwa yakae chumba kingine chenye mlango unaofungwa, yasikae sebuleni wala kwenye korido. Kufikia tarehe 20 jikoni kubaki na sufuria mbili tatu, sahani na vikombe vya watu wanne na ziada kidogo ya wageni, kisu kimoja kizuri na ubao. Tarehe 21 hadi 25 msifunge boksi lolote. Nasisitiza hilo, kwa sababu anayepaki usiku wa tarehe 24 hupaki akiwa amechoka, na boksi la mtu aliyechoka ndilo linalofunguka chini au linalokosa maandishi. Tarehe 26 mti na sebule, tarehe 27 jikoni na vitanda.

Maboksi yenyewe: vizito kwenye boksi dogo, vyepesi kwenye boksi kubwa. Vitabu vijae boksi dogo lisilozidi kilo 15 hivi, au viingie kwenye begi la magurudumu. Mito na mablanketi ndiyo ya maboksi makubwa. Chini ya boksi piga selotepu mara mbili kufuata mshono na mara moja kukatisha. Sahani zisimame kwa ukingo kama vitabu kwenye rafu. Zikilala, ya chini inabeba uzito wa zote katikati yake, na hapo ndipo inapopasuka. Boksi lijae hadi juu, pengo lizibwe na taulo au karatasi. Likibaki na nafasi, boksi la juu yake linalikandamiza na kona zinalegea.

Andika ubavuni, pande mbili, si juu, maana yakipangwa juu hakuonekani. Na andika chumba cha nyumba *mpya*. Kilichoandikwa "stoo" ya nyumba ya zamani hakimsaidii mbebaji aliyesimama mlangoni kwenye nyumba asiyoijua.

FundiFriji

Nianze na friji, kwa sababu ndiyo inayogongana na sikukuu moja kwa moja. Friji inayoganda barafu inahitaji kuzimwa saa 24 kabla ya safari ili iyeyuke na kukauka. Lori likija tarehe 28 asubuhi, basi tarehe 27 asubuhi unachomoa waya. Maana yake chakula cha Krismasi kiwe kimekwisha au kimegawiwa kufikia tarehe 26 usiku. Pikeni kwa hesabu hiyo, na kuanzia katikati ya mwezi msijaze friza tena, mle kilichomo.

Ikishazimwa acha milango wazi, tandika taulo chini, futa ndani hadi mpira wa mlango ukauke. Ukiifunga na unyevu, ndani ya siku mbili ina ukungu na harufu. Friji isiyoganda barafu nayo ina kitrei kidogo nyuma karibu na kompresa chenye maji. Kikaushe, la sivyo yatamwagika juu ya godoro ndani ya lori. Rafu za kioo zitoke zifungwe peke yake. Mlango ufungwe kwa kamba au kitambaa, si selotepu, ambayo huacha gundi na kubandua rangi.

Isafiri ikiwa wima. Kompresa ina oili chini yake. Friji ikilala, oili hutiririka kuingia kwenye mabomba membamba ya gesi. Ukiiwasha kabla oili haijarudi, kompresa inazunguka bila kulainishwa au bomba linaziba. Iliyosafiri wima ipumzike saa mbili hadi nne kabla ya kuwashwa. Iliyolazwa ipumzike angalau muda ule ule iliolala, na kama ililala safari nzima mimi nasema saa 24. Kitabu chake cha maelekezo kikitaja muda mrefu zaidi, fuata kitabu. Usiingize chakula mpaka ndani ipoe hadi nyuzi 4 au chini yake, na friza nyuzi 18 chini ya sifuri.

Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele: pipa la ndani linaning'inia kwenye springi. Kiwandani lilifungwa kwa bolti tatu au nne nyuma ili lisicheze safarini. Zitafute leo, si tarehe 27. Kama zimepotea, agiza za modeli hiyo hiyo, kwa sababu pipa likigonga njia nzima springi na vizuia mtikisiko vinaharibika. Funga bomba la maji, chomoa mipira yote miwili juu ya ndoo, kisha fungua kichujio cha chini mbele, ambacho hubaki na maji hata mashine ikionekana kavu. Kule, toa bolti *kabla* ya kufua mara ya kwanza. Mashine ikiwashwa na bolti ndani inatikisika na kutembea sakafuni, na hapo inaweza kuharibika.

Runinga isafiri imesimama. Ikilazwa kioo kinapinda katikati. Piga picha nyaya za nyuma kabla ya kuchomoa hata moja. Mtungi wa gesi: funga valvu, toa regulata, usafiri wima mahali penye hewa, na muulize mwenye lori mapema kwani wengi hawaupokei. Ndivyo ilivyo kwa rangi, petroli na dawa za kusafishia zenye klorini.

MamaWawili

Asante sana kaka. Hilo la tarehe 27 hatukuliwaza kabisa. Sasa kikibaki chakula kilichopikwa je? Na chakula cha mdogo?

FundiFriji

Kilichopikwa kikae ndani ya friji siku tatu hadi nne, si zaidi. Tarehe 27 kisichoisha kihamie kwenye boksi la baridi lenye chupa za maji zilizogandishwa, ambazo mzigandishe tangu tarehe 24 wakati friza bado ina nafasi. Chakula kilichokaa nje ya baridi zaidi ya saa mbili kitupwe, na kama joto la mahali linapita nyuzi 32, saa moja tu. Cha mdogo kipikwe kidogo kidogo, siku hiyo hiyo.

MleziWaWatoto

Pole na hongera dada. Mimi nizungumzie watoto, na hatari kubwa kwanza.

Makabati na droo zilizofungwa ukutani zikifunguliwa kwa ajili ya safari, hazina tena kinachozishika. Mtoto wa miaka minne akivuta droo tatu na kuzipanda, kabati zima linaanguka. Kwa hiyo kamba za ukutani zitoke siku ya lori tu, na kule zirudishwe kabla ya kitu kingine chochote. Runinga isiwekwe juu ya boksi hata kwa usiku mmoja.

Ya pili ni betri bapa za mviringo kama kifungo. Msimu huu zimejaa: kwenye taa ndogo za mapambo, kadi zinazoimba, vitu vya kuchezea, hata rimoti. Ikimezwa inaunguza umio, na jeraha kubwa linaweza kutokea ndani ya saa mbili. Kila kifaa chenye betri hiyo kiwe na kifuniko cha skrubu, na betri zilizotolewa zizungushiwe selotepu na kuwekwa juu. Ukishuku amemeza, hospitali mara moja, usisubiri dalili. Mifuko ya plastiki, vipande vya sponji na skrubu zilizodondoka nazo ziokotwe kila jioni, maana mtoto anayetambaa anafika kabla yako.

Mkubwa aambiwe sasa, kwa maneno mafupi. Umri huo kinachoingia kwenye boksi anaweza kudhani kimetupwa, kwa hiyo mwoneshe boksi likifungwa na umwambie litafunguliwa wapi. Mpe boksi lake dogo alichoree mwenyewe. Linafungwa la mwisho, linafunguliwa la kwanza. Blanketi au mwanasesere anayelala naye asifuliwe wiki hiyo; harufu aliyoizoea ndiyo inayomlaza mahali pageni. Siku ya lori, mdogo awe kwa ndugu au na mtu mmoja ambaye kazi yake ni yeye tu.

Kitanda cha mtoto ni cha mwisho kufunguliwa vipande hapa, cha kwanza kuunganishwa kule. Skrubu zote kwenye mfuko mmoja, mfuko ufungwe kwenye fremu, usitupwe kwenye boksi la "mengineyo". Ukimaliza kukiunganisha kule, kitikise, kisha pima godoro na ubavu: vidole viwili visipite hapo.

Begi la usiku wa kwanza lipande gari mnalosafiria ninyi, si lori: nepi 20, nguo seti mbili kila mmoja, shuka, dawa na kipimajoto, karatasi za msalani, sabuni, chaja, balbu moja, bisibisi na spana ya kitanda, birika, hati zote.

MpangaMizigo

Nirudi kwenye mti. Nashauri mdogo, wa sentimita 60 hadi 90, juu ya meza ambayo anayetambaa haifikii. Mapambo ya kioo yapakiwe wiki hii kwenye trei safi za mayai. Mti upambwe kwa karatasi, kitambaa na mbao. Hakuna cha kuvunjika, na tarehe 26 unavuliwa ndani ya dakika 20.

FundiTaa

Hapa natofautiana kidogo na mkuu. Kama mti mkubwa wa bandia mnao tayari, mtoto wa miaka minne anaukumbuka wa mwaka jana, na kuukosa kutamwambia nyumba imeanza kuvunjika. Uwekeni, ila ufungwe kwenye ndoano ya ukutani kwa uzi imara. Tarehe 26 uvuliwe kutoka juu kwenda chini, kila ngazi ifungwe kwa kitambaa na kupewa herufi. Selotepu inang'oa majani. Mti halisi hauna sababu ya kupanda lori: umeshakauka na unamwaga majani kila mahali.

Taa zijaribiwe kabla ya kufungwa, kisha uzungushe kwenye kipande cha kadibodi ukiacha plagi nje, ili mwakani uzijaribu bila kukunjua. Ekstensheni isitumike ikiwa bado imekunjwa. Ikibeba mzigo mkubwa inapata joto hadi mpira unayeyuka.

Boksi la mapambo liingie mwanzo kabisa kwenye lori, ndani kabisa, kwani halihitajiki miezi 11. Isipokuwa uzi mmoja wa taa. Huo uweke kwenye boksi la yule mkubwa. Kwa kalenda ya Kanisa majira ya Krismasi hayaishi tarehe 25, yanaendelea hadi karibu na tarehe 6 Januari, kwa hiyo mkiuwasha chumbani kwake usiku wa 28 bado ni Krismasi.

MamaWawili

Mimi na baba yao tumeupenda huo wa uzi mmoja wa taa. Zawadi sasa?

MpangaMizigo

Boksi moja lipewe namba, tuseme 30, liandikwe nje kitu kisichomvutia mtoto, mfano "Risiti za zamani", na namba hiyo iwe kwenye daftari lako. Likae kabatini kwenu, si kwenye rundo la maboksi. Unachoagiza kifike kabla ya tarehe 15 na kije anwani ya sasa, kwa sababu kule hakuna wa kupokea hadi tarehe 27.

Zawadi kubwa inayohitaji kuunganishwa isiunganishwe tarehe 25. Funga picha yake kwenye bahasha, apewe picha chini ya mti, na kifaa chenyewe kisafiri kwenye katoni lake la kiwandani hadi kule. Vidogo vya kufunguliwa siku hiyo viwe vichache, na vipande vyake viwe na mfuko mmoja wa zipu tangu dakika ya kwanza.

Na tarehe 28 kabla ya kufunga mlango, piga picha mita za umeme na maji zikionesha namba, fungua kila kabati, na angalia nyuma ya milango, ambako makoti husahaulika.