Kamati ya harusi tunaitana "nyapara" na "mahabusu", na baba mdogo ametoka jela juzi tu. Nifanyeje?

Katibu_Muhtasi:

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, matusi baadaye.

Mimi ni katibu wa kamati ya harusi ya dada yangu, hapa Dar, shughuli ni mwezi ujao. Tuna grupu la WhatsApp, watu kama sitini. Mwenyekiti wetu ni mtu wa masihara, basi tangu kikao cha kwanza grupu likageuka gereza. Yeye ni Nyapara Mkuu. Mweka hazina ni Afande. Aliyeahidi asitoe anaingia kwenye orodha ya mahabusu, inabandikwa kila Jumapili usiku. Ukitoa nusu, umepata dhamana. Ukichelewa kikao unakula mvua mbili, yaani faini ya elfu mbili. Hata basi la kutupeleka ukumbini tunaliita karandinga. Watu wanacheka, na ukweli usemwe, hela inaingia.

Sasa baba yangu mdogo alifungwa miaka sita, akakaa minne, katoka mwezi wa nne. Kesi yenyewe ndefu, siingii huko. Mama ndiye aliniambia nimuunge kwenye grupu asijione ametengwa. Wiki mbili za mwanzo alikuwa anatusalimia kila asubuhi, anatuma dua, na kwenye utani wa karandinga alicheka na sisi. Jumapili ya juzi orodha ikatoka na yeye yumo, namba 17, ahadi elfu hamsini. Binamu yangu akaandika chini yake: "Huyu hata tukimfunga hatishiki, ni mwenyeji." Watu wakacheka, kisha mmoja mmoja wakaanza kufuta vicheko vyao.

Toka siku hiyo baba mdogo kimya. Tiki za bluu zipo, neno hakuna.

Nipige marufuku hii lugha? Nimwombe radhi mbele ya watu wote? Au nikimgusia ndiyo nitazidi kumtonesha?

Mtoto_wa_Tandale:

Binamu kazingua, huyo hana utetezi. Ila kuhusu lugha, mkuu, utapiga marufuku mangapi? Mtaani kwetu mtu akidaiwa kodi ana msala. Mshikaji akisema siri yako kakuchoma. Mke akinuna, mume "yuko lupango" hadi Ijumaa. Ukiondoa maneno ya jela na ya vibaka kwenye Kiswahili cha mjini tutabaki tunaongea kwa mikono.

Mwl_Kibogoyo:

Tena mengine yalianza safari kabla ya jela. Mnyapara alikuwa kiongozi wa wapagazi kwenye misafara ya Wanyamwezi kuja pwani, karne ya 19, mtu mwenye heshima zake. Baadaye jina likahamia kwa msimamizi wa vibarua mashambani, ndipo likaingia gerezani kwa mfungwa anayesimamia wenzake. Leo liko kwenye harusi yenu. Msala nao ni mkeka wa kuswalia, na kwa wengine ni choo. Vijana wameufanya balaa.

Na "mvua" msidhani ni ya wahuni peke yao. Magazeti yanaandika "jela mvua 30" kila mara, maana 30 ndiyo miaka ya kuanzia kwa ubakaji na kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Nadhani imetoka kwenye ile hesabu ya wakulima, mtu anahesabu umri kwa misimu. Kwangu mimi hilo ndilo neno zito kuliko yote hapo, kwa sababu linasikika jepesi.

Bint_Likoni:

Mwalimu umesahau gereza lenyewe, Wareno wametuachia hilo. Kwao igreja ni kanisa. Na Fort Jesus hapa Mombasa Waingereza waliifanya jela toka 1895 hadi 1958, sasa watalii wanalipa kuingia. Bibi yangu karandinga aliliita Mariamu. Nilipokuwa mdogo nikidhani ni jina la mama fulani mkali anayebeba watoto watundu.

Pole kaka. Mzungumze na ami yako, usimwache hivyo.

Nimerudi_Uraiani:

Naongea kama mtu niliyekaa ndani, miezi saba rumande halafu mwaka na nusu kifungo.

Nyapara wa kweli ni mfungwa mwenzako, na yeye ndiye anayeamua ulale wapi. Chumba kimejaa, mnalala ubavu, mmoja akitaka kugeuka lazima wote mgeuke. Mgeni anawekwa karibu na debe. Sasa mwenyekiti wa harusi akijiita nyapara mimi nacheka tu, kwa sababu hafanani naye hata kidogo. Karandinga pia nacheka. Mahabusu, sawa.

Neno linaloniuma ni "kunyea debe". Kila anayelisema kwenye baa hajawahi kulibeba asubuhi. Nikilisikia naondoka mezani, na sielezi kwa nini.

Ndiyo maana nakwambia usikisie. Kila aliyekaa ndani ana lake. Muulize baba yako mdogo lipi ni lake, muulize mkiwa wawili. Na ukitangaza kwenye grupu "tuache haya maneno kwa heshima ya fulani", umemvalisha sare upya mbele ya watu sitini.

Mama_Pacha:

Nimesoma mara mbili. Mwanangu, wewe umeshika maneno, mimi nimeona namba 17.

Hadi Jumapili ile mzee alikuwa anacheka na nyinyi. Kanyamaza lini? Jina lake lilipowekwa hadharani na deni la elfu hamsini. Mtu katoka mwezi wa nne, hana kazi, kaahidi kwa sababu ni harusi ya binti wa kaka yake na hawezi kukaa bila kuahidi. Ulishawahi kumuuliza hiyo hamsini ataitoa wapi? Neno la binamu ni kidonda, sikatai, na yeye aende kwa miguu yake kuomba msamaha. Lakini ungemwandika kwa Kiswahili cha msikitini, bado angenyamaza.

Nenda nyumbani kwake. Usitume sauti.

Katibu_Muhtasi:

Mama Pacha umenipiga pabaya. Orodha naandaa mimi.

Mtoto_wa_Tandale:

Katibu kakamatwa 😂

Katibu_Muhtasi:

Mrejesho, wakuu. Nilienda Jumamosi na kilo mbili za sukari. Sikujua nianzie wapi, nikaomba radhi kwa maneno ya grupu. Akaniuliza, "Maneno gani?" Nikayataja, akacheka sana. Akasema nyapara wetu hajui kazi, nyapara gani anabandika majina usiku, hesabu hufanywa kabla watu hawajafungiwa. La binamu hakucheka. Alisema tu, "Yule mtoto nilimbeba mgongoni," akanyamaza, na mimi nikanyamaza.

Kisha mwenyewe akaifikia hela. Ana elfu kumi na tano. Alikuwa anaona aibu kuituma, Afande angeandika "dhamana" mbele ya jina lake na watu wangepiga makofi.

Kumbe miaka mitatu kati ya ile minne alikuwa jikoni, anapikia mamia ya watu. Nikamwambia tuna masufuria manne ya pilau na mpishi tuliyempata anataka laki tatu. Akauliza moto ni wa kuni au wa gesi. Kuni, nikamjibu. Akasema niwaambie wasinunue mbichi.

Binamu kaenda jana na mkewe. Waliyoongea sijaambiwa.

Orodha sasa inaitwa "Ahadi tunazozisubiri", haina majina, ina jumla tu. Mwenyekiti analalamika kwamba wiki hii imeingia laki moja na ishirini peke yake, anataka mahabusu warudi.