Tupeane uzoefu: kuajiri mtu kwa tabia na namna anavyoelewana na wenzake

Wakuu, habari za kazi. Nina mgahawa Sinza. Kila nikitafuta mhudumu nawaza: nichukue mzoefu, au mwenye tabia njema ambaye kazi atajifunzia hapa? Mimi niko na huyu wa pili. Kubeba sinia na kushika oda mtu anafundishika. Kiburi cha mtu mzima sikiwezi.

Usaili haunisaidii sana, pale kila mtu ni mpole. Namwita afanye zamu moja ya mchana na namlipa siku yake. Namwangalia saa saba, jikoni pamewaka moto, oda zinagongana. Dada niliyemchukua mwisho alifokewa na mpishi kwa kuchanganya wali na ugali. Akasema, "Samahani kaka, nibadilishie," akaenda kumtuliza mteja. Wateja walipopungua akakaa kumenya vitunguu bila kuagizwa. Jioni nikawauliza wenzake, wakasema abaki. Ninyi mnafanyaje?

Mdau wa Mwanza, duka la dawa: Kwetu cheti hakina mjadala, mtoa dawa lazima awe amesomea. Tabia naiangalia kwa waliovuka hapo. Nawapigia simu waliofanya naye kazi, siyo bosi wake tu, nawauliza: hesabu za jioni zikipungua, alikuwa anafanyaje?

Mdau wa Arusha, gereji: Mkuu, hapo kwenye kuuliza wenzake kuwa makini. Nilishafanya kazi sehemu ambayo "anaendana na sisi" maana yake anatoka kwao bosi. Mafundi wazuri waliachwa, inauma mpaka leo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mtu kwa kabila, dini, jinsia au anakotoka, na kuajiri kumo humo. Tena mcheshi siyo lazima awe mwenzako kazini. Fundi wangu wa umeme haongei, chai anakunywa peke yake, lakini gari likimshinda mwenzake usiku, yeye ndiye anabaki kumshikia tochi.

Mleta mada: Huyo ulimjuaje mapema?

Mdau wa Arusha: Nilimpa gari lisilowaka, nikamwekea na kijana anayejifunza. Hakumnyang'anya spana. Alimwonyesha waya wa kuanzia, akamwacha apime mwenyewe, kijana alipokosea akamrudisha taratibu. Nikamwambia kesho aje na vitambulisho.