Msaada: maneno ya jukwaani yananichanganya mazoezini

Mwana_Dunda: Wakuu, habari za jioni. Nipo Bagamoyo, kuna kikundi cha maigizo mtaani kwetu nimejiunga nacho. Mwongozaji wetu amesomea TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, na kazi yake naipenda sana, ila baadhi ya maneno yake yananipita. Akisema "kulia kwa jukwaa", ni kulia kwangu au kwa watazamaji? Halafu kuna mahali naongea peke yangu. Leo ataita monologia, kesho mazungumzo nafsi. Ni kitu kimoja? Na onyesho, yaani kipande kimoja cha tamthiliya, huwa linaishia wapi hasa? Nisaidieni, nafasi hii naitaka kwa moyo wote.

Mzee wa Pazia: Mdogo wangu, kulia ni kwako wewe mwigizaji ukiwa umewaelekea watazamaji. Ukigeuka ukawapa mgongo, kulia kwa jukwaa kunabaki palepale. Na ukiambiwa "panda juu", nenda nyuma, mbali na watu. Majukwaa ya zamani ya Ulaya yalijengwa kwa mteremko, nyuma kukiwa juu, ndiyo maana.

Binti Kaole: Monologia ni maneno marefu ya mhusika mmoja, hata kama wenzake wapo wanamsikiliza. Mazungumzo nafsi ni pale mhusika anapotoa ya moyoni akiamini hakuna anayemsikia. Sisi watazamaji tu ndio tunasikia. Ni muhimu ujue ni lipi, maana linaamua macho yako yaende wapi. Hapo unapoongea, kuna mtu mwingine jukwaani?

Skripti Mkononi: Kuhusu onyesho: tamthiliya zetu nyingi, mahali au wakati ukibadilika, linaanza jingine. Ila ukisoma tamthiliya za kale za Ufaransa utakuta mhusika akiingia au kutoka tu, onyesho limebadilika. Fuata skripti yenu ilivyogawanywa.

Mwana_Dunda: Asanteni sana. Dada Binti Kaole, yupo mama mkwe, amelala kitandani. Ila ukurasa wa pili yake anafumbua macho na kumbe kila kitu amekisikia.

Binti Kaole: Basi umepewa sehemu tamu sana! Kwako ni mazungumzo nafsi, kwa sababu unaamini amelala. Mama akifumbua macho kidogo ukiwa bado unaongea, watazamaji wakamwona, hicho ndicho kinaya cha kidrama: wao wanajua, wewe hujui. Sophocles, mwandishi wa tamthiliya wa Ugiriki ya kale, alikitumia katika tamthiliya ya Mfalme Edipode. Mfalme anaapa kumsaka muuaji wa Laio, mfalme aliyemtangulia, na Wagiriki waliokaa pale kutazama walishakijua kisa, wanajua muuaji ni yeye mwenyewe. Kila anapotoa laana, inamrudia.

Mwana_Dunda: Sasa nifanye nini ili kisipotee?

Mzee wa Pazia: Mkishakubaliana na mwongozaji, usikitupie jicho kitanda baada ya kuanza kuongea. Ukikitazama, watu watadhani umeshashtuka. Simama mbele, kushoto kwa jukwaa, kitanda kiwe nyuma yako kulia, watazamaji wawaone nyote wawili kwa pamoja. Na muombe mama mkwe asifumbue macho mpaka ufike kwenye sentensi nzito.