Uangalizi wa saa 24 kwa shilingi 66 kwa siku: je, mlezi wa mtu mwenye ulemavu mkali si mtu?

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Jana nimetoka kwa mara ya sita katika ofisi inayoshughulikia ustawi wa jamii katika kaunti ndogo yetu, hapa Pwani ya Kenya, na kwa mara ya sita nimeambiwa kwamba jina la mlezi wa mdogo wangu bado halijabadilika kwenye mtandao. Mlezi anayeonekana kwenye mtandao huo ni mama yetu, ambaye tulimzika miezi kumi na minne iliyopita. Kwa hiyo, kwa mujibu wa kumbukumbu za Serikali, mdogo wangu analelewa na marehemu, na ruzuku yake ya Inua Jamii, ule mpango wa Serikali wa kuwapa fedha kila mwezi watu wasiojiweza, imesimama ikimngoja marehemu aende kwa wakala anayelipa fedha hizo akaweke kidole.

Mdogo wangu ana umri wa miaka 31. Alizaliwa na mtindio wa ubongo, hawezi kukaa bila kuegemezwa, hasemi isipokuwa kwa sauti ambazo sisi wa nyumbani tumejifunza kuzifasiri, na chakula chake lazima kipondwe na kulishwa taratibu kwa sababu hupaliwa upesi. Usiku hugeuzwa ubavu mara tatu au nne ili asipate vidonda vya kulalia. Ana kifafa pia. Kazi hiyo yote mama aliifanya kwa miaka 30, akikaanga mahamri alfajiri kabla mwanawe hajaamka na kuyauza mlangoni, kwa kuwa hakuweza kwenda mbali zaidi ya mlango.

Sasa naomba mlitazame sharti la mpango wenyewe. Ruzuku ya watu wenye ulemavu mkali ilianzishwa mwaka 2011, na baadaye ikawekwa chini ya mwavuli wa Inua Jamii pamoja na ile ya wazee na ile ya mayatima. Ili mtu akubaliwe, ni lazima athibitike kuwa na ulemavu unaomfanya ahitaji uangalizi wa mtu mwingine wakati wote, usiku na mchana: kulishwa, kuogeshwa, kupelekwa haja, kulindwa asijidhuru. Sharti hilo ni ungamo. Serikali yenyewe, kwa maandishi yake, inakiri kwamba katika kaya ya namna hii wako watu wawili wasioweza kutafuta riziki, yaani anayetunzwa na anayemtunza, kwa sababu haiwezekani mtu awe kando ya kitanda saa 24 na wakati huohuo awe shambani au sokoni. Kisha, baada ya kukiri hivyo, inawapa watu hao wawili shilingi 2,000 kwa mwezi.

Nimepiga hesabu mara nyingi nikidhani nimekosea. Shilingi 2,000 ukizigawa kwa siku 30 unapata shilingi 66 na senti kidogo, ambazo hapa kwetu ni bei ya mkate mmoja. Ukizigawa kwa saa ambazo sharti lao limezitaja, kila saa ya uangalizi inapata chini ya shilingi 3, na hapo mgonjwa mwenyewe hajala, hajavaa, hajanunuliwa dawa. Serikali hiihii, tangu Novemba 2024, imeweka mshahara wa chini wa mfanyakazi wa nyumbani katika miji kama Nairobi na Mombasa kuwa zaidi ya shilingi 16,000 kwa mwezi, na mfanyakazi huyo hulala usiku na ana siku yake ya mapumziko. Simwonei kijicho, kwani hata hizo hazimtoshi. Ninachouliza ni kwa nini kazi ileile ya kuosha, kulisha na kuinua mtu mzima ina thamani inapofanywa na mgeni aliyeajiriwa, na ikifanywa na mama inakuwa haina hesabu kabisa.

Na msiniambie kwamba kiwango hicho kitapandishwa hivi karibuni. Kwa zaidi ya miaka kumi kimekuwa 2,000. Katika muda huo unga, sukari, mafuta ya taa na nauli vimepanda mara kadhaa, na pakiti ya nepi za watu wazima yenye vipande kumi siipati hapa kwetu chini ya shilingi 800. Mdogo wangu akitumia vipande vitatu kwa siku, kama inavyotakiwa, pakiti tatu zinaisha kwa siku kumi, na ruzuku ya mwezi mzima imekwisha kabla ya siku hizo kumi kufika mwisho. Ndiyo maana mama alikuwa akikata kanga kuukuu na kuzifua kila siku, na ndiyo maana mgongo wake ulikuwa umepinda kabla hajafika miaka 60.

Mimi si mwanasheria, lakini Katiba ya 2010 naijua kusoma. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na kifungu chake cha tatu kinasema kwamba Serikali itatoa hifadhi ya jamii inayofaa kwa watu wasioweza kujikimu wao wenyewe pamoja na wanaowategemea. Neno ni inayofaa. Halikusema inayopatikana kukiwa na kitu kimesalia, wala inayolipwa miezi minne baada ya kuahidiwa, kama tulivyozoea mwaka 2022 na 2023, tulipokuwa tukisikia redioni kwamba fedha zimetolewa, tukaenda kwa wakala na kurudi mikono mitupu. Mwezi Mei 2025 ilitiwa saini Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, ikachukua nafasi ya ile ya 2003, na nilifurahi kama wengine. Lakini karatasi nzuri haimgeuzi mtu ubavu usiku.

Kuna jambo jingine linalonikera, nalo ni namna watu wanavyochaguliwa. Tangu mwaka 2018 mzee aliyetimiza miaka 70 na asiyepokea pensheni anastahili ruzuku kwa sababu ya umri wake, na hilo ni jema, Mungu awazidishie wazee wetu. Mtu mwenye ulemavu mkali, kwa upande wake, haimtoshi kuwa na ulemavu mkali. Ni lazima kaya nzima ionekane fukara, na tulipoandikishwa sisi tuliulizwa kama kuna yeyote nyumbani mwenye kazi, pensheni au ruzuku nyingine. Jirani yangu ni bawabu, ana binti asiyeona wala kusikia wala kutembea, na alikataliwa kwa sababu ana mshahara. Mshahara wa bawabu! Mke wake hajawahi kutoka katika nyumba ile kwenda kazini tangu binti azaliwe, wala hakuna aliyemuuliza angekuwa anafanya nini kama angeweza kutoka. Hata katika sensa ya 2019, iliyotupa ile asilimia 2.2 ya Wakenya wenye ulemavu inayotajwa kila mahali, hesabu ilianzia kwa walio na umri wa miaka 5 na kuendelea, kwa hiyo mama mwenye mtoto wa miaka mitatu asiyeweza kushika shingo hakuingia hata katika takwimu ya mwanawe.

Nirudi kwenye hadithi ya jina la mlezi, maana hapo ndipo niliposhikwa na hasira hii.

Mama alipofariki nilikwenda na kibali cha mazishi, nikaambiwa hakitoshi, nilete cheti cha kifo. Cheti kilichukua wiki tisa. Niliporudi nacho afisa alikuwa semina. Mara ya tatu nilikuwa na cheti, barua ya chifu, nakala za vitambulisho, picha, na sahihi ya kamati ya walengwa ya kata yetu, nikaambiwa kwamba fomu niliyojaza ni ya zamani na kwamba mambo yote sasa ni ya kidijitali. Mara ya nne ndiyo sitaisahau. Nilitakiwa nimlete mdogo wangu mwenyewe ili ithibitike kwamba yu hai. Nilikodi tuktuk kwa shilingi 1,500 kwenda na kurudi, tukambeba watu watatu, na tukasubiri nje kwenye jua kwa sababu ofisi iko juu na hakuna njia ya kiti cha magurudumu. Saa moja na nusu baadaye akashuka kijana mmoja, akampiga picha kwa simu yake, hakumsalimu, akapanda tena. Mdogo wangu alipata kifafa tukiwa njiani kurudi. Kuhusu safari ya tano nitasema tu kwamba mtandao ulikuwa chini.

Kila safari kati ya hizo inanigharimu nauli, na pia shilingi 300 ninazompa binti wa jirani akae naye, kwa kuwa, kama wao wenyewe walivyoandika, mtu huyu haachwi peke yake hata saa moja. Mpango unaomhitaji mlezi asibanduke kando ya mgonjwa ndio huohuo unaomtaka mlezi apange foleni asubuhi hadi alasiri mara sita. Hakuna aliyeona kwamba mambo hayo mawili hayakai pamoja?

Afisa mmoja alinishangaa kwa nini, mimi nikiwa dada yake wa damu, siwezi kumtunza bila fedha ya Serikali. Nilimuuliza anadhani nani amekuwa akimtunza kwa miezi hii kumi na minne, akakosa la kusema, akaangalia saa yake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nimeambiwa pia, na aliyeniambia hakuona haya hata kidogo, kwamba fedha zisipochukuliwa kwa muda mrefu hurudishwa Hazina. Yaani wao ndio wanaochelewesha jina, na sisi ndio tutakaohesabiwa kuwa hatukuzihitaji.

Hata mama alipokuwa hai kidole chenyewe kilikuwa mtihani. Miaka ya kulima, kufua na kukaanga ilikuwa imezisugua alama za vidole vyake hadi mashine ikawa haimtambui, na mara nyingine alirudishwa aje kesho. Nani atamkalia mgonjwa kesho? Kliniki ya shinikizo la damu aliiacha kwa sababu hiyohiyo, hakuwa na wa kumwachia mwanawe. Sisemi kwamba ofisi ndiyo iliyomuua. Nasema kwamba katika miaka yote aliyokuwa na jina la mlezi kwenye kadi, hakuna siku aliyoulizwa hali yake yeye. Na sasa bima ya afya mpya inamtaka kila asiye na mwajiri alipe angalau shilingi 300 kwa mwezi, nazo zilipwe za mwaka mzima kwa mkupuo, yaani 3,600, ambazo ni karibu ruzuku ya miezi miwili.

Wako watakaosema nchi maskini haiwezi kumlipa mlezi. Afrika Kusini nayo ina matatizo yake chungu nzima, lakini sheria yake inatoa ruzuku kwa mzazi wa mtoto mwenye ulemavu mkali anayehitaji kutunzwa muda wote, na kwa mtu mzima anayepokea ruzuku ya ulemavu au ya uzee inaongeza fungu la pili ikiwa anahitaji mtu wa kumhudumia. Fungu hilo la pili ni dogo, mwaka 2025 lilikuwa randi 560 kwa mwezi, lakini liko, lina jina, na limetengwa kwa sababu ya kazi ya yule anayehudumia. Hapa kwetu tumetiwa sote wawili ndani ya noti mbili za elfu moja.

Najua pia watakuja wa kuniambia kuwa kulea mgonjwa ni ibada na nisiuze thawabu zangu. Mama thawabu alizitafuta kwa Mola wake na sina shaka alizipata. Hizo hakumdai afisa yeyote. Alichokidai kwa Serikali ni kile ilichokiandika yenyewe.

Ninayoyataka hayahitaji tume wala kongamano la hotelini. Mlezi wa pili aandikwe tangu siku ya kwanza, ili wa kwanza akifa au akilazwa mgonjwa asikatiwe riziki siku hiyohiyo. Uthibitisho wa uhai ufanywe nyumbani. Wahudumu wa afya wa jamii wanapita vijijini kwetu na simu walizopewa na Serikali, na picha niliyolipia shilingi 1,500 wangeipiga wao mlangoni kwetu. Kiwango cha 2,000 kipandishwe kwa kufuata bei za vitu, na kazi ya mlezi ihesabiwe fungu lake mbali, hata kama litaanza dogo. Na malimbikizo ya mdogo wangu ya miezi kumi na minne, ambayo ni shilingi 28,000, yalipwe yote bila kukatwa.

Jumatatu ninarudi kwa mara ya saba. Kama kuna yeyote humu, wa kaunti yoyote, aliyewahi kubadilishiwa jina la mlezi baada ya kifo, naomba aniambie ilichukua muda gani, ni karatasi ipi hasa iliyofungua njia, na kama alilipwa miezi iliyopita au alianza kuhesabiwa upya.