Naomba ushauri: brashi mpya ya ndevu inameza povu

Wadau, hamjambo. Nina brashi mpya ya kupakia povu la kunyolea ndevu, ya manyoya ya baja (badger), yule wa Asia, si nyegere wetu. Fundo, yaani shada la manyoya lililogandishwa kwa gundi kwenye mpini, lina kipenyo cha milimita 24. Imeoshwa mara mbili kwa shampuu na maji ya uvuguvugu, ikapakwa sabuni, ikalala na povu usiku kucha, kisha ikasuuzwa. Harufu ya mnyama imepungua ila haijaisha.

Shida kubwa ni povu. Linajaa juu kama dakika moja, halafu linazama katikati ya manyoya, usoni yanabaki majimaji tu. Nywele nne au tano hung'oka kila siku. Chache wiki za kwanza ni kawaida; zikitoka kwa mafungu ndipo gundi imeachia, ndiyo maana maji ya moto sana siyatumii.

Nashuku maji. Hapa Kasarani tuna ya kisima, nadhani ni maji magumu (yenye madini mengi, sabuni haitoi povu vizuri), maana sabuni inaacha utando mweupe kwenye beseni. Je, ili kuondoa utando huo kwenye manyoya, niloweke ncha dakika tano kwenye siki, kijiko kimoja kwa vijiko kumi vya maji? Au nikinge ya mvua? Na nyinyi mnazungusha, au mnapaka kama rangi ukutani? Nikiikandamiza, nywele za katikati zinapinda kabisa.