Uchaguzi wa Kerala 2026: ni nani wanaoshindana?

Swali: Ndugu zangu, hapa Maskati ninafanya kazi na watu wa Kerala, jimbo la kusini mwa India, ambao kila tunapopumzika hawana mazungumzo mengine ila uchaguzi wa bunge la jimbo lao. Naomba kueleweshwa vyama vinavyoshindana.

Jibu: Ushindani mkubwa ni wa miungano miwili: LDF ya mrengo wa kushoto, inayoongozwa na chama cha kikomunisti CPI(M) cha Pinarayi Vijayan, aliyeingia uchaguzi huo akiwa Waziri Kiongozi, na UDF inayoongozwa na chama cha Congress. Kwa takriban miaka 40 wapiga kura waliiondoa serikali kila uchaguzi, hadi LDF ilipovunja desturi hiyo mwaka 2021 kwa viti 99 kati ya 140.

Jibu: BJP, chama cha Waziri Mkuu Narendra Modi, nayo isidharauliwe. Mwaka 2021 ilitoka mikono mitupu, lakini mwaka 2024 ilishinda kiti cha Thrissur, kilichoko Kerala, katika uchaguzi wa bunge la taifa.

Muulizaji: Nashukuru. Je, wenzangu watapiga kura wakiwa huku?

Jibu: Hapana. Sheria inawataka wafike wenyewe kituoni India, kwa hiyo kibarua wa ujenzi asiye na nauli huikosa haki yake, jambo ambalo kwangu ni dhuluma, kwani fedha anazotuma ndizo zinazosomesha watoto kule.